Gitare yako inatoka kwenye muti gani?

Maneno yaliyosemwa kisha kuangalia filme pamoja, Goma



Asante kwa kubakia mupaka mwisho. Jeneretere imezimika mara mbili na hakuna mutu aliyeondoka. Nimeombwa kusema kidogo, basi nitasema jambo moja tu: filme hii inatuhusu, hata kama imechukuliwa mbali sana na kwetu.

Tukumbushane. Filme inaitwa Musicwood, ilitoka mwaka 2012, na aliyeiongoza ni Maxine Trump. Inatupeleka Alaska, kwenye pori la Tongass, pori la serikali kubwa kuliko yote Marekani, karibu hektari milioni 7. Pale kunaota muti unaoitwa Sitka spruce. Ubao wa mbele wa gitare, ule wenye tundu, mara nyingi unatoka kwenye muti ule. Ubao unapaswa kuwa mupana, bila fundo, wenye mistari iliyonyooka. Muti wa namna ile unachukua mamia ya miaka kukomaa. Unauangusha kwa dakika chache, na mutoto wa mutoto wako hatauona mwingine.

Wakubwa wa Martin, Gibson na Taylor, makampuni yanayoshindana sokoni, wanapanda ndege pamoja na Greenpeace. Wanaenda kuomba mwenye pori akate kwa kiasi. Na mwenye kipande kile cha pori ni nani? Ni Sealaska, kampuni ya wenyeji wenyewe: Watlingit, Wahaida na Watsimshian. Walipata ardhi kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1971. Wanafyeka kipande kizima kwa mara moja, na miti mingi inauzwa Asia. Gitare inachukua sehemu ndogo sana.

Sasa niambieni, mubaya ni nani hapa? Najua mulikuwa munamutafuta, juu hata mimi nilimutafuta. Lakini wale wenyeji walinyanganywa inchi yao zamani. Leo wana karatasi mukononi, na mugeni anafika kuwaambia: usikate. Mutu wa hapa kwetu anaelewa hasira ile bila kufasiriwa. Ila muti haujui ni mukono wa nani unashika tronsoneze. Mazungumzo yakakwama. Ni mwaka 2021 tu njo Sealaska yenyewe ilitangaza kwamba inaacha kazi ya kukata miti.

Sisi pia tulijaribu. Kikundi chetu kilianza filme ndogo, kwa simu mbili na mikro moja ya kuazima. Tulitaka kufuata gitare, juu gitare ni mali ya inchi hii. Mwaka 1952, kule Likasi ya leo, Jean Bosco Mwenda alirekodiwa akiwa na gitare yake tu, na watu duniani bado wanajifunza vidole vyake. Basi tukaenda kwa fundi mumoja anayetengeneza gitare zilizovunjika. Anatumia vipande vya libuyu vinavyobaki kwa waseremala. Tukauliza: libuyu hii inatoka wapi? Upande wa Ituri, inapita Beni. Mbao zingine hazifiki hata hapa, zinavuka Kasindi kwenda Uganda na Kenya.

Tukasafiri. Tulikuwa tumekwisha kuandika kichwa cha filme: Waharibifu wa pori. Tukamukuta kijana wa umri wetu, amejaa unga wa mbao mupaka kwenye nyusi. Tukamuelekezea kamera. Akauliza swali moja: "Kamarade, kitanda yako ni ya mbao gani?"

Nikanyamaza. Kitanda yangu ni ya libuyu. Na nyumbani tunapika na makala.

Kisha akatueleza hesabu yake, akichora chini na kijiti. Mwenye tronsoneze anachukua sehemu. Kwenye kila bariere analipa. Mununuzi anapanga bei mwenyewe. Yeye anabaki na franga ya chakula na ya dawa ya mutoto. Na mwenye karatasi kubwa, yule anayepata nyingi? Hajawahi kumuona porini. Usiku ule tulifuta kile kichwa cha filme.

Sisemi kwamba kukata ni sawa. Nasema tulikuwa tumesimamisha kamera fasi mbaya.

Mununuzi naye anaweza kubadilika. Mwaka 2011 Taylor ilinunua kiwanda cha mupingo kule Yaoundé, Kameruni, kwenye bonde letu hili la Kongo. Bob Taylor akaambiwa kwamba ili kupata muti mumoja mweusi kabisa, wakataji waliweza kuangusha hata kumi, na ile yenye mabaka iliachwa kuoza, juu soko haikuitaka. Akaamua kutumia na yenye mabaka. Miti ilikuwa inakufa juu ya rangi tu!

Na sheria? Tunayo. Kuna sheria ya pori ya mwaka 2002, na dekreti ya mwaka 2014 inayoruhusu jamii ya kijiji kupewa pori mupaka hektari 50 000, bila kulipa na bila mwisho wa muda. Ni ushindi, tuutetee. Lakini Alaska inatuonya: kupata karatasi si mwisho wa mapambano. Kijiji bila masomo, bila barabara, bila dawa, kikifikiwa na mununuzi mwenye pesa mukononi, kitaweka saini. Basi anayedai pori libaki anapaswa kudai vile vingine pia. Hatuwezi kumuambia mwenye njaa alinde pori juu yetu, halafu sisi turudi kulala kwenye libuyu.

Naomba mambo matatu. Ukitaka kufanya filme, anza na kitu kilicho ndani ya nyumba yako. Ukimuchukua mutu picha, rudi umuonyeshe mbele ya kuiweka kwenye intaneti. Na fuata pesa mupaka kwenye ofisi, usiishie porini. Sisi kama mwendo wa raia, tudai orodha ya waliopewa ruhusa ya kukata ibandikwe wazi, kila teritware, kila mutu asome.

Filme yetu haijaisha. Yule kijana aliuliza tutaileta lini. Tumemuahidi kurudi kabla ya mvua kuharibu barabara.

Nani anakuja na sisi?