Risasi za Area D



Twataka kumtaja mtu aliyemwaga damu katika mji wetu huu. Ndugu Tundu Lissu ni wa Ikungi, Singida, jirani zetu. Kabla ya kuingia Bungeni mwaka 2010 alikuwa wakili, akiwatetea wachimbaji wadogo wa Bulyanhulu. Sisi si watu wa chama chake, wala hatukubali kila neno lake. Maana ulimi wake ni mkali.

Mchana wa tarehe 7 Septemba, 2017, alipotoka Bungeni, alimiminiwa risasi nje ya nyumba yake, Area D. Zilizompata ni 16. Akapelekwa Nairobi, kisha Ubelgiji. Juni 2019, bado anauguza mifupa, akavuliwa ubunge. Sababu mojawapo, ati, utoro! Alirudi Julai 2020 akichechemea, akagombea urais. Mwaka 2025 akashtakiwa kwa uhaini.

Haya, yeye alifikishwa kortini. Waliompiga je? Miaka ikapita, hakuna aliyeshtakiwa. Twauliza sisi wa Dodoma, kwa kuwa risasi zile zililia hapa kwetu, mchana kweupe.