Utulivu Huja Kwanza, Kuona Hufuata

Leo twapenda kusema na watu ambao hawatajwi mara kwa mara katika mazungumzo kama haya: wale waliofanyiwa upasuaji wa kupandikizwa konea, pamoja na jamaa zao wanaowauguza. Na wewe ambaye macho yako ni mazima, tafadhali usiondoke. Labda kuna mtu nyumbani kwako, au jirani yako, atakayekuhitaji katika jambo hili.

Sisi tuliopata kukaa kwenye mabenchi ya kliniki za macho, tukiwasindikiza ndugu zetu, twalijua swali linaloulizwa pale kwa sauti ya chini: "Jicho haliniumi tena, basi mbona bado sioni sawasawa?" Na twalijua swali la pili, ambalo mara nyingi haliulizwi kwa daktari bali huamuliwa nyumbani: "Jicho haliniumi tena, basi dawa ya nini?" Maswali haya mawili ni ndugu. Yote mawili yatokana na kudhani kwamba utulivu wa jicho na kuona kwa jicho ni kitu kimoja. La, wapenzi, ni vitu viwili, wala havifiki siku moja.

Tuanze kwa kufahamu kilichofanyika. Konea ni kile kioo angavu kilicho mbele kabisa ya jicho. Unene wake katikati ni karibu nusu ya milimita tu, na upana wake ni kama milimita 11 au 12. Haina mishipa ya damu. Hewa yake nyingi huipata kwa njia ya machozi. Ndiyo maana ni safi kama kioo cha dirisha. Lakini kioo hicho kikipata kovu, nuru haipiti, hata kama jicho lote kwa ndani ni zima. Ni kama nyumba nzuri ambayo dirisha lake limepakwa chokaa.

Makovu hayo huletwa na mambo mengi. Yako yanayoletwa na trakoma, na yanayoletwa na surua kwa mtoto aliyepungukiwa na vitamini A. Wako waliochomwa na mwiba, au na jani la mahindi wakati wa mavuno, na jeraha likaingia uchafu. Wengine walitiwa machoni dawa za majani zilizowachoma. Na wako vijana ambao konea yao hukonda na kuchongoka mbele kama pia. Ugonjwa huo huitwa keratokonasi, nao huwapata sana wale wenye macho ya kuwasha ambao huyasugua daima. Si kila mmoja wao huhitaji upasuaji, lakini wako wasiopata msaada kwa njia nyingine.

Katika upasuaji wenyewe, daktari huondoa kipande cha mviringo katikati ya konea iliyoharibika, kama milimita 7 au 8 hivi, na mahali pake hushona kipande safi kilichotoka katika jicho la mtu aliyefariki. Uzi unaotumika ni mwembamba kuliko unywele wa kichwa, na mara nyingi mishono huwa 16. Siku hizi, ikiwa ugonjwa uko katika tabaka la ndani tu, daktari aweza kubadilisha tabaka hilo peke yake, na kulishikiza kwa kiputo cha hewa. Mgonjwa wa namna hiyo huagizwa alale chali akitazama juu, ili hewa ile ilisukume tabaka jipya likae mahali pake.

Jambo hili si geni ulimwenguni. Tarehe 7 Desemba 1905, katika mji wa Olomouc ambao leo uko katika nchi ya Cheki, daktari Eduard Zirm alimpandikiza konea kibarua mmoja aliyeitwa Alois Glogar. Macho ya mtu huyo yalikuwa yamechomwa na chokaa kazini. Konea zilitoka kwa mtoto wa miaka 11 ambaye jicho lake lilijeruhiwa kwa chuma hata ikabidi litolewe. Daktari alipandikiza macho yote mawili ya kibarua yule. Moja lilishindwa. La pili likabaki angavu, naye akarudi shambani kufanya kazi. Zingatieni hayo, wapenzi. Tangu siku ile ya kwanza, kazi hii imekuwa na furaha na hofu pamoja. Kipande kilichoshonwa vizuri chaweza kudumu miaka mingi, nacho chaweza kupotea. Ndiyo sababu tunasema nanyi leo.

Sasa tuseme juu ya utulivu wa jicho. Siku za kwanza jicho huwa jekundu, hutoa machozi, na mgonjwa huhisi kana kwamba mchanga umeingia ndani. Mwanga wa jua humchoma. Hayo ni ya kawaida, nayo hupungua siku baada ya siku. Yako mambo madogo yanayosaidia sana: miwani ya jua, kofia yenye ukingo mpana, chumba kisicho na moshi wa kuni, na kile kikinga cha plastiki kinachofungwa juu ya jicho wakati wa kulala, ili mkono usilisugue usingizini. Mgonjwa asiinue debe la maji wala gunia. Asiogelee. Akisafiri kwa matatu, na akae mbali na dirisha lililo wazi. Wakati wa kupura mahindi au maharagwe, na awaachie wengine kazi hiyo.

Kwa kawaida, baada ya majuma machache, mwenye jicho hulala vizuri na kuamka vizuri. Hapo jamaa hufurahi na kusema, "Amepona." Nasi twafurahi pamoja nao. Lakini kuona bado kuko njiani.

Kwa nini kuona hukawia? Kwanza, kipande kipya huwa kimevimba kidogo, na kila kitu huonekana kama kwa ukungu wa asubuhi. Pili, mishono huivuta konea huku na huku, nayo haikai mviringo sawasawa; basi mgonjwa huona taa moja kama mbili, au herufi zilizopindika. Tatu, konea haina damu, na kwa hiyo kidonda chake hufunga polepole mno kuliko kidonda cha mkono au mguu. Mishono yaweza kukaa mwaka mmoja au zaidi. Daktari huiondoa kidogo kidogo kwa wakati anaoujua yeye, na kila anapoondoa mmoja, kuona kwaweza kubadilika tena. Kwa hiyo miwani ya kudumu haipimwi haraka. Kwa wengi ni miezi mingi, na kwa wengine ni mwaka na zaidi, kabla ya kufikia mwisho wa safari. Na hata hapo, wengi huhitaji miwani au lenzi ngumu ya kuvaa jichoni. Hiyo si dalili kwamba upasuaji umeshindwa. Wale waliobadilishiwa tabaka la ndani tu huona mapema zaidi, lakini nao hungoja majuma na miezi.

Wasomaji wa Injili ya Marko mwakikumbuka kisa kilicho katika sura ya 8, cha yule kipofu wa Bethsaida. Baada ya kuguswa mara ya kwanza aliona, lakini hakuona sawasawa. Watu waliokuwa wakipita hakuweza kuwatofautisha vema na miti. Hakukemewa kwa kusema hivyo. Aliulizwa aonaje, akajibu kweli yote, kisha akaguswa mara ya pili. Twapenda kisa hicho kwa sababu kinamruhusu mgonjwa kusema, "Bado sioni vizuri," bila ya kuonekana kwamba hana shukrani. Basi ewe ndugu, daktari akikuuliza waonaje, usimpendeze kwa maneno. Mwambie kama ilivyo.

Sasa tumefika mahali penye hatari, nasi twaomba mtusikilize kwa makini. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Kipande cha konea ni mgeni aliyekuja kumponya mwenyeji. Lakini mwili una walinzi wake, na walinzi hao humshuku mgeni yeyote. Siku wakimtambua, humshambulia, na konea iliyokuwa safi huanza kufifia. Matone ya dawa anayopewa mgonjwa, yale ya steroidi, ndiyo yanayowatuliza walinzi hao. Kwa hiyo matone hayo hayatumiwi kwa sababu jicho linauma. Yanatumiwa ili mgeni asifukuzwe. Mtu akiyaacha kwa kuwa jicho limetulia, amemwacha mgeni wake mlangoni bila mtetezi.

Twajua taabu zilizopo. Dawa ina bei. Kliniki iko mbali, na nauli ya kwenda na kurudi si kidogo. Mwezi wa nne mtu akiwa hana maumivu, fedha zile zile zaitwa na karo ya shule. Hatumlaumu aliye katika hali hiyo. Twamsihi tu aseme. Amwambie daktari au muuguzi kabla chupa haijakwisha. Aliambie kanisa lake, au ndugu zake wa ukoo. Kuchanga kwa ajili ya upasuaji tumezoea, na siku ya harambee watu hujaa. Lakini chupa ya dawa ya mwezi wa saba haina harambee. Hapo ndipo upendo wetu hupimwa.

Wala mtu asijinunulie dawa hizo dukani kwa kubahatisha, au kumgawia jirani mwenye macho mekundu. Steroidi zaweza kupandisha presha ya jicho pasipo maumivu yoyote, na presha hiyo ikiachwa huua mshipa wa kuonea. Zaweza pia kuleta mtoto wa jicho. Ndiyo maana daktari hukuita umwone hata siku ambazo wewe wajiona mzima. Haendi kupoteza wakati wako. Anapima kile usichoweza kukihisi.

Tena kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui. Konea ikikatwa, mishipa yake ya fahamu hukatwa pia, na kwa muda mrefu kipande kipya huwa na ganzi. Kwa hiyo jicho laweza kuwa taabani na lisiume sana. Basi usingoje maumivu. Zishikeni dalili hizi nne, na mzifundishe hata watoto wa nyumba: jicho kuwa jekundu tena, mwanga kulichoma tena, kuona kupungua au ukungu kurudi, na maumivu au hali ya kuchomwachomwa, maana mshono uliolegea nao hufanya hivyo. Moja tu kati ya hizo ikitokea, usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Nenda siku ile ile, au kesho yake asubuhi. Walinzi wa mwili wakiwahiwa mapema, mara nyingi hutulizwa na konea ikaokoka. Wakiachwa majuma mawili, huenda isiwezekane. Na hatari hii haina mwaka wake. Yaweza kuja hata baada ya miaka mingi.

Kwenu ninyi mnaouguza tuna neno fupi. Nawa mikono kabla ya kumtilia mgonjwa matone. Ncha ya chupa isiguse jicho wala kope. Andika saa za dawa kwenye karatasi na kuibandika ukutani. Na msimuulize kila asubuhi, "Je, leo waona?" kama watu wanaodai deni. Muulizeni, "Umelalaje?" Mtu anayengoja nuru huchoka kwa kuulizwa kuliko kwa kungoja.

Mwishoni, tumkumbuke yule asiyekuwapo. Kila konea iliyopandikizwa ilitoka kwa mtu ambaye jamaa zake, katika saa ya kilio, walikubali kutoa. Hapa Kenya, Hospitali ya Macho ya Lions SightFirst iliyoko Loresho, Nairobi, ni mojawapo ya mahali ambapo upandikizaji huu hufanyika, na baadhi ya konea zimekuwa zikiletwa kwa ndege kutoka ng'ambo. Maana yake ni kwamba mtu wa taifa jingine, lugha nyingine, alikufa, na dirisha la jicho lake likaja kufungua nyumba ya mtu wa kwetu. Hata mzee aliyevaa miwani maisha yake yote aweza kutoa konea. Lakini ni lazima zichukuliwe saa chache baada ya kufa, na kwa hiyo neno hili halifai kungojwa hadi siku ya matanga. Lizungumzwe mapema, mezani, watu wakiwa wazima.

Basi, ewe unayengoja, jicho likiwa limetulia, shukuru kwa utulivu huo, kisha ulitie tone la saa mbili usiku kama ulivyoagizwa. Kuona kukikawia, usihesabu kwamba umesahauliwa. Wewe umetunukiwa kitu ambacho mwingine hakuweza tena kukitumia. Kitunze kwa ajili yako na kwa ajili yake. Mungu awape subira ninyi na nyumba zenu. Kwaherini, hadi tutakapokutana tena.