Ukarabati wa Ofisi za Umma Uanzie Dirishani

Tom Mboya, aliyezikwa hapa kisiwani Rusinga, katika Ziwa Victoria, alikuwa bado katibu mkuu wa KANU mwaka 1967, ujenzi wa makao makuu ya chama hicho ulipoanza jijini Nairobi. Aliuawa Julai 1969, na jengo likakamilika mwaka 1973. Leo tunaliita KICC, yaani Jumba la Mikutano ya Kimataifa la Kenyatta. Wasanifu wake, Karl Henrik Nøstvik wa Norwe na David Mutiso wa Kenya, walisimamisha mnara wa ghorofa 28 ambao madirisha yake yamerudishwa ndani, yakikingwa na mbavu za zege. Watu huzipiga picha mbavu hizo kama mapambo, ilhali kazi yake ni kulizuia jua lisipige kioo moja kwa moja. Zege lenyewe ni zito: hupata joto polepole, na usiku hulitoa. Kwa hiyo, mabibi na mabwana, anayekarabati ofisi ndani ya jengo la aina hii anashika mtambo unaofanya kazi, na wajibu wake wa kwanza ni kutouzima.

Ukarabati wetu wa kawaida huuzima. Kuta za jipsamu hupandishwa hadi juu, mkubwa akapewa dirisha, karani akabaki ukumbini chini ya taa inayowaka saa sita mchana. Dari ya kuning'iniza huficha zege lililokuwa likipoza chumba, kisha kiyoyozi hununuliwa kufanya kazi ileile kwa bili ya umeme. Nitajibiwa kwamba mwaka 1973 kulikuwa na taipureta, si kompyuta. Ni kweli, na nyaya zinahitaji njia. Lakini zinaweza kupita ukutani kandokando ya ukumbi, na seva zikapewa chumba kimoja chenye kiyoyozi chao. Hoja ya siri za ofisi ni nzito zaidi. Hata hivyo, faili la siri huhitaji vyumba vichache vilivyofungwa vizuri. Halihitaji kila meza izungushiwe ukuta, na ukuta wenye kioo sehemu ya juu huacha mwanga upite.

Wapo pia wasemao kwamba hili lilikuwa jumba la chama, la nini kulienzi? Serikali ililitwaa mwaka 2003, na Septemba 2024 Mahakama Kuu ilizuia lisiuzwe kwa kuwa ni turathi ya taifa inayolindwa na sheria. Kwa maoni yangu, ulinzi unaoishia kwenye ukuta wa nje umelinda ganda tu.

Huku ziwani, ambako upepo wa mchana huvuma kutoka majini, kaunti za Homa Bay na Migori nazo zina ofisi za kukarabati. Nawaomba wakuu wake jambo moja: kabla ya kutia saini zabuni, zimeni taa zote adhuhuri, fungueni madirisha, kisha hesabuni meza ambazo mtu bado anaweza kusomea barua.