Kisu cha Mzee Mfukoni mwa Kijana

(Mazungumzo mbele ya wazazi na vijana, Riruta)

Tuliombwa tuseme machache juu ya hili sanduku lililo hapa mezani. Ndani mna visu vya kukunja kumi na vinane, vyote vya mpini wa mti. Vingine tumeachiwa na baba zetu na babu zetu, vingine tumevinunua kidogo kidogo kwa wauza mitumba. Sasa, Jumapili iliyopita mama mmoja alitusimamisha mlangoni akatuuliza, "Nyinyi wazee, mnawafundisha watoto wetu kupenda visu, katika mtaa huu huu?" Hatukuwa na jibu la haraka. Mazungumzo ya leo ni jibu lake.

Kwanza tuvitazame. Hiki kilichokwisha kwa kunolewa kilikuwa cha kupandikiza miche ya matunda. Hiki cha pili kilikata kamba za magunia sokoni. Hiki kidogo kilimenya machungwa ya watoto, basi. Shikeni mpini wake, mtaona pale ulipolainika: ni kidole gumba cha mwenyewe, miaka na miaka. Mpini wa plastiki ukichakaa hutupwa. Wa mti hupakwa mafuta, na ukivunjika fundi wa jua kali huchonga mwingine. Hiyo ndiyo sababu tunavitunza. Kila kimoja ni kumbukumbu ya kazi ya mtu.

Lakini mama yule hakuuliza juu ya kumbukumbu, aliuliza juu ya hatari. Kwa hivyo tuwape habari ya kisu hiki chenye mwezi na nyota kwenye mpini. Kinaitwa Okapi. Jina ni la yule mnyama wa msitu wa Ituri, kule Kongo, mwenye miguu ya milia kama punda milia. Kisu chenyewe kilianza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, mwaka wa 1902, kiuzwe katika makoloni ya Wajerumani huku Afrika. Baadaye kazi hiyo ilihamia Afrika Kusini. Kilikuwa kisu cha bei ya chini, cha mkulima na mfanyakazi. Lakini kikaingia mikononi mwa magenge, kule Afrika Kusini na hata Jamaica, na jina lake likachafuka. Wako watu ambao wakisikia tu ile pete yake ikilia wanajua kuna shida.

Na sasa tazameni ndugu yake wa Ufaransa, Opinel, aliyeanzwa na Joseph Opinel mwaka wa 1890 kule milima ya Savoie. Naye ni chuma na mti tu, na pete ya kukifunga iliyoongezwa mwaka wa 1955. Huyu amebaki na sifa ya mkate na jibini. Je, chuma cha mmoja kina dhambi kuliko cha mwingine? Hapana. Kisu hupata tabia kutoka kwa mtu anayekibeba, na kutoka kwa sababu ya kukibeba.

Vijana, sheria ya Kenya nayo huuliza swali hilo hilo. Sheria ya utulivu wa umma, Sura ya 56, inakataza kuwa na silaha mahali pa umma bila ruhusa ya kisheria au sababu ya haki. Na silaha si bunduki peke yake. Kitu chochote ulichokusudia kumdhuru mtu nacho ni silaha, hata kama kilitengenezwa cha kumenyea viazi. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 308, inasema ukipatikana na silaha katika hali ya kuonyesha ulikusudia kosa kubwa, ni kifungo cha miaka isiyopungua 7, hadi 15. Na ukishiriki wizi ukiwa na silaha ya hatari, hata kama hukumgusa mtu, hapo ni kifungu cha 296, na adhabu iliyoandikwa ni kifo. Mvulana anasema, "Nilikibeba tu cha kutisha." Jamani, hilo neno "kutisha" ndilo linalomfunga.

Tusijifanye malaika. Mmoja wetu, mtu mzima mwenye wajukuu, alipekuliwa usiku akitoka matanga, akapatikana na kisu cha marehemu baba yake. Aliulizwa, "Cha nini saa hizi?" Akakosa la kusema, maana kwa kweli hakikuwa na kazi yoyote usiku ule. Alilala ndani. Asubuhi aliachiliwa, lakini kisu hakurudishiwa. Mpaka leo humwambii habari ya kisu hicho akakuitikia vizuri.

Na kuna jambo zito zaidi. Oktoba 2017, baada ya uchaguzi wa marudio, hapa jirani Kawangware watu waliuawa na mali ikachomwa. Siku zile kila mtu alitazama mkono wa jirani yake kabla ya kutazama uso. Mtu aliyebeba kisu "cha kujikinga" alimfanya jirani naye abebe chake. Hiyo ndiyo hofu aliyokuwa nayo mama yule, na ana haki nayo.

Wazee husema mtoto akililia wembe mpe. Sisi tunasema, kwa heshima, hapana. Hapa mtaani wembe haumkati yule mtoto tu, humkata na wa jirani.

Basi tumekubaliana hivi, wenye sanduku sisi wenyewe kwanza:

Kisu kinatoka nyumbani kikiwa na kazi. Unaenda shambani, unaenda kuchinja mbuzi, sawa. Kazi ikiisha kinarudi. Kujikinga si kazi ya kisu.

Hakipandi matatu mfukoni, hakiendi baa, hakiendi mkutano wa siasa. Tangu Westgate, Septemba 2013, tunapekuliwa mlangoni mwa maduka makubwa, na hata makanisani. Usimweke askari katika mashaka.

Kinapopokezwa mtu kinafungwa kwanza. Kikiwa wazi, unampa mwenzako upande wa mpini.

Hakilazwi majini, mti utavimba na chuma kitashika kutu. Kipanguse, kitie tone la mafuta pale kinapokunjwa, mpini upake mafuta kidogo.

Na baba akimrithisha mtoto kisu, amrithishe na kazi yake. Kama hujamfundisha kupandikiza, usimpe kisu cha kupandikizia. Subiri.

Jumamosi tutakuwa hapa uwanjani na mawe ya kunolea na tupa. Leteni visu vya jikoni, tutanoa bila malipo, na vijana ndio watakaonoa, sisi tukiwaonyesha. Vije vimefungwa kwa gazeti, ndani ya kikapu.

Mama yetu, tunakuona umeketi pale nyuma. Sanduku hili lina kufuli, na ufunguo tungependa ukae kwako. Kijana akitaka kisu, aje akueleze wewe ni cha kazi gani. Ukiridhika, mfungulie.