Maabara Isiyomwacha Mtu Mlangoni



Wahenga walinena kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Hawakutuambia asiyeona afanyeje aingiapo katika maabara ya sayansi. Hilo ndilo swali langu leo.

Mwaka 2002, Carl Wieman, mmoja wa washindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 2001, alianzisha katika Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, mradi uitwao PhET. Mradi huo hutengeneza majaribio ya kuigiza katika kompyuta. Mwanafunzi huunganisha waya, betri na balbu kwenye kioo, akauona mkondo wa umeme ambao katika waya halisi hauonekani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba wanafunzi wa chuo hicho waliojifunza kwa mwigo waliwashinda wenzao wa vifaa halisi katika kuelewa saketi, na hata katika kuziunda na kuzieleza saketi za kweli.

Lakini, ndugu zangu, huo ulikuwa nusu ya ushindi. Mwanafunzi kipofu hakuambulia kitu mbele ya kioo kile. Na asiyeweza kushika kipanya alibaki mtazamaji. Ndipo watengenezaji walipoanza kujirekebisha. Baadhi ya majaribio hayo sasa huendeshwa kwa kibodi pekee, na hueleza kwa sauti yanayotendeka. Katika mojawapo, mguu husuguliwa juu ya zulia, kisha mkono hunyooshwa kwenye kitasa cha mlango. Asiyeona huisikia cheche ikiruka.

Sasa imekuja miwani ya uhalisia pepe, imfanyayo mvaaji ajione yu ndani ya molekuli. Ni chombo cha ajabu. Hata hivyo, hutegemea mno macho, huwatia wengine kizunguzungu, na mara nyingi humtaka mtu ageuze shingo na kuinua mikono. Tukiipokea bila kuhoji, tutaujenga upya ukuta uleule kwa matofali mapya.

Majaribio ya PhET hutolewa bila malipo, na mengine yamekwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili. Basi kabla chuo hakijanunua chombo chochote, kiulize kwanza: ni nani atakayeshindwa kukitumia? Mwanafunzi huyo haombi huruma. Anadai haki ya kujaribu, kukosea, na kujaribu tena.