Ngozi Mbele ya Jua

Wengi tulifundishwa kwamba kortisoli, homoni ya kuhimili dhiki, hutoka katika tezi zilizo juu ya figo kwa amri ya ubongo. Lakini wataalamu, miongoni mwao Andrzej Slominski wa Marekani, wamebainisha kwamba ngozi nayo, ipigwapo na miale ya urujuanimno, huiendesha silsila hiyo ya amri na homoni papo hapo ndani yake, seli zake zikitoa kortisoli ya kutuliza uvimbe pamoja na homoni iamrishayo kutengenezwa kwa melanini, rangi iikingayo. Jambo adhimu! Kwa ndugu zetu wenye ualbino amri hiyo hufika, ila melanini haitengenezwi ipasavyo, na mvuvi mwenye hali hiyo, ashindaye ngalawani hadi alasiri, hurejea na mabega yaliyobabuka; ndiyo sababu sipendi kamwe kusikia mafuta ya kujikinga na jua yakihesabiwa katika vipodozi.