Kazi ya Mikono Shuleni: Je, Ni Somo au Kibarua?

Wasikilizaji wetu, jioni ya leo twapenda kusema nanyi juu ya neno liletalo manung'uniko vijijini. Mzazi hulipa ada ili mwanawe asome. Kisha asikia kwamba mtoto ameshinda mchana kutwa akikanda udongo au akipiga randa. Hapo huuliza, "Nimempeleka kwa mwalimu, au kwa tajiri wa kibarua?" Swali hili si la upuzi, na sisi tufundishao walimu yatupasa kulijibu.

Wala manung'uniko hayo si mapya. Mwaka 1881 Bwana Booker T. Washington, aliyezaliwa utumwani, alianzisha chuo cha walimu huko Tuskegee, Alabama, katika nchi ya Marekani. Wanafunzi walipoona haya kufyeka msitu, yeye mwenyewe alitangulia na shoka. Wazazi wengi walipinga, wakitaka watoto wao wasome vitabu tu. Matofali hayakupatikana mjini, basi wakajaribu kuyafanya wenyewe. Tanuru la kwanza likawashinda, na la pili vile vile. La tatu lilikuwa karibu kwisha kuchomwa, likaanguka usiku. Fedha zikaisha. Mwalimu akaiweka saa yake rehani kwa dola 15, wakajenga la nne, nalo likafaulu. Baadaye hata Wazungu wa jirani walikuja kununua matofali yale.

Mfano wa shule za watu weusi wa Marekani ulifika hata Kenya, ilipofunguliwa Shule ya Jeanes huko Kabete mwaka 1925, kufundisha walimu wa kuzungukia shule za vijijini.

Basi, mzazi, ukimkuta mwanao ana udongo mikononi, muulize: Ni nani aliyepima? Gharama yake ni kiasi gani? Mlikosea wapi? Akijibu, yuko shuleni. Akisema alitumwa tu kupalilia shamba la mwalimu, una haki ya kulalamika, nasi tutakuwa upande wako.

Lakini mwalimu hawezi kuuliza maswali hayo ikiwa yeye mwenyewe hakupata kukosea. Katika chuo chetu tuliwapa walimu wanafunzi kazi ya kutengeneza mlango wa ghala. Walipima, wakachora, wakahesabu mbao na misumari. Kisha wakanunua mbao mbichi, kwa kuwa bei yake ni nafuu. Baada ya majuma matatu mlango ulikauka, ukapinda, ukakataa kufunga. Mkaguzi alikuwa karibu kuja, nasi, twakiri, tulitamani sana kumwita seremala aurekebishe kwa siri. Tukajizuia. Wakahesabu hasara yao, wakaiandika, wakaanza tena kwa mbao kavu.

Mlango wa pili wafunga vyema. Ule wa kwanza hatukuufanya kuni. Umeegemezwa ukutani karakanani, na kila darasa jipya huanza kazi yake kwa kupima jinsi ulivyopinda.